Mlevi, Mhudumu na Simu: Mapenzi na Pombe katika Nyimbo za Brazili

Ukizisikiliza kwa makini nyimbo za Brazili za walioachwa na wapenzi, utaona kwamba pombe haimo humo kama dawa ya kusahau. Mlevi wa nyimbo hizo hasahau chochote. Anakunywa ili apate ujasiri wa kusema, na mara nyingi anayeambiwa si yule aliyemwacha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni "Garçom" wa Reginaldo Rossi, mwimbaji wa Recife, uliotoka mwaka 1987. Mwanamume ameketi baani na kumwita mhudumu, lakini kabla ya kueleza shida yake anakiri kwamba mhudumu huyo amekwisha kuchoshwa na mamia ya visa vya mapenzi, na kwamba hiki chake ni kimoja tu miongoni mwa vingi, ila anaomba asikilizwe. Ndipo tunapopata habari kuwa mpenzi wake anaolewa siku hiyo hiyo, tena amemjulisha kwa barua. Atakunywa mpaka alewe, na usingizi ukimchukua, alazwe sakafuni. Muziki huu wa brega, yaani nyimbo za mapenzi za watu wa kawaida zilizojaa hisia, ulidharauliwa sana na waliojiona wastaarabu, kwa kuwa hauoni haya kulia hadharani. Mimi naona adabu ya mlevi huyu inawashinda wengi wa wakosoaji wake.

Si kila mnywaji huonewa huruma. Katika "Vingança" wa Lupicínio Rodrigues wa Porto Alegre, ambao Linda Batista aliurekodi mwaka 1951, anayelia na kunywa baani ni yule aliyetenda ubaya, naye msimuliaji anafurahi kupita kiasi alipoletewa habari hizo. Ni wimbo mkali, na uzuri wake umo katika kutojisingizia wema.

Kisha akaja Marília Mendonça wa jimbo la Goiás, aliyekuwa akiwatungia waimbaji wa kiume kabla ya kusikika mwenyewe, na aliyefariki katika ajali ya ndege Novemba 2021 akiwa na miaka 26. Kwake mwanamke naye anakunywa na kulalama bila kuomba ruhusa ya mtu. Katika "Bebi Liguei" mhudumu hahitajiki tena: pombe ikishapanda kichwani, simu inapigwa moja kwa moja kwa mpenzi wa zamani, ambaye, tofauti na yule mhudumu, anaweza kuikata.