Mbuni uliokatwa bado una maisha

Habari za asubuhi ndugu zangu wa Moshi. Kwa wale wanaosema "mambo yatakaa sawa" huku moyo umechoka, tazameni mbuni mzee, yaani mti wa kahawa, pale kihambani, shamba la nyumbani. Matawi yameisha nguvu na buni zinahesabika. Wengi huung'oa, na mimi naona ni haraka mno, maana mizizi bado ni mizima.

Subiri mavuno yaishe, kisha Januari au Februari, kabla ya masika, kata shina kwa msumeno mkali, sentimita 30 hivi kutoka ardhini. Mkato uwe wa mshazari ili maji ya mvua yateremke. Ukikata bapa, maji hutuama na kisiki huoza. Acha tawi moja la kupumulia, liilishe mizizi hadi machipukizi yashike.

Yatachipua mengi, na hapa ndipo watu wanapoharibu: wanayaonea huruma yote. Bakiza mawili au matatu yenye afya, yaliyoachana, mengine yaondoe yangali machanga. Yakibanana hunyang'anyana mwanga, yanakuwa membamba na hayazai vizuri.

Mwaka wa kwanza hakuna kahawa, jamani. Hapo ndipo imani hupimwa. Panda maharage katikati, kwa kuwa jua sasa linafika chini, ila usiyasogeze shinani. Weka samadi, palilia, angalia ugonjwa wa kutu ya majani. Buni za kwanza zitegemee baada ya miaka miwili hivi.