Siku tatu kabla dada hajarejea Amu

Saa kumi na moja alfajiri

Adhana zapokezana katika mitaa ya Amu, yaani mji wa Lamu, Langoni mpaka Mkomani, na mimi niko macho tangu zamani. Jumapili dada yangu anashuka uwanja wa ndege wa Manda na shemeji na watoto wawili, baada ya miaka minane Muscat. Nyumba yao, ambayo ndiyo nimelala kwenye mkeka ndani yake, haiko tayari. Kosa ni langu.

Mwaka jana dada alituma pesa za kupiga lipu upya chumba cha mbele. Aliandika wazi: chokaa, si saruji. Fundi naye akaniletea hesabu yake. Chokaa ni tabaka juu ya tabaka na kungoja. Saruji ni siku mbili, chumba kimekwisha. Nikamkubalia, maana nilikuwa na kazi nyingi na sikutaka kushinda hapa nikimwagilia ukuta maji. Masika yalipofika, kuta za matumbawe zikanywa unyevu kama zilivyounywa miaka yote, ila safari hii haukuwa na pa kutokea. Chumvi ikasukuma kutoka ndani, lipu ikavimba malengelenge, ikaanza kudondoka. Fundi hapokei tena simu. Ninayepokea ni mimi.

Saa moja asubuhi

Chai kwa mama, mahamri na mbaazi za jana.

“Umemwambia?”

“Bado, mama.”

“Wangoja aingie kwenye ndege?”

Nikaongeza mbaazi.

Saa mbili

Karakanani kwa ami. Ninachonga mfaa, ule mti wa katikati ya mlango wa mbao mbili, wa nyumba moja ya Shela. Mbao ni mbambakofi: nzito, ngumu, ukipiga patasi kwa hasira inakurudishia mkononi. Ami alinifundisha nianze na mstari wa nje, niurudie mpaka uwe sawa, ndipo niingie kwenye maua. Leo nimeukosea mara mbili. Akaniangalia bila neno, akanipa randa na ubao usio na nakshi nikaulainishe. Mwenye fani anajua hiyo ni adhabu.

Simu ya kwanza ikaingia huku kwetu ikiwa saa tatu kasoro, kwao tayari saa nne kasoro. Dada ataka kujua kama mashine ya kufulia itapata maji ya kutosha. Nikamwambia maji ya mji yatoka visima vya kwenye michanga ya Shela, na hayaji kila saa unapoyataka. Aiuze. Tayari ameuza kochi, kabati na baiskeli ya binti, na hiyo ya mwisho imeleta kilio. Leo ndiyo siku ya mwisho ya shemeji kazini. Mwajiri anafuta ukaazi wake, na wa mke na watoto unafuata wake, kwa hiyo tarehe haisogei, niwe nimemaliza ukuta au sijamaliza.

Binti akanyakua simu. Ana miaka saba, kazaliwa huko, Kiswahili chake ni cha mama yake mtupu.

“Mjomba, punda huuma?”

“Huuma mara chache. Teke ndilo la kuogopa.”

Nadhani sikumsaidia.

Saa sita na nusu

Swala, wali na samaki wa kupaka. Ami akaniruhusu niondoke. “Mkono wako hauko hapa,” akasema, na ilikuwa kweli.

Saa nane

Punda wawili wameshusha mchanga na chokaa mlangoni, wameziba njia, na bibi wa jirani amepita ubavu ubavu akinitakia mambo ambayo siyaandiki.

Hapa ndipo siku yangu ilipo. Nyundo, patasi kuukuu, kitambaa usoni. Saruji iliyokufa yatoka kwa mabamba, chini yake jiwe limelowa na kuota unga mweupe wa chumvi. Palipoguswa na chokaa ya zamani, ya wakati wa bibi yetu, pako pakavu. Nikagonga sehemu moja ikatoa mlio wa uwazi: kidaka, kishubaka cha ukutani! Fundi alikiziba chote. Watu wa hadithi hukuta dhahabu. Mimi nilikuta mfuko wa saruji uliokunjwa.

Kufika alasiri ukuta mmoja na nusu uko uchi. Mfuko wa chokaa umesimama pale, nami nikajua siufungui. Tabaka la kwanza ningelipaka leo, la pili kesho kabla la kwanza halijashika, na ningekuwa nimelifanya kosa lile lile kwa jina jingine.

Saa kumi na moja jioni

Nimefagia kiwanda, ua wa ndani, na kujaza birika, tangi la maji la nyumba. Mvuvi rafiki yangu kaniletea samaki watano wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mmoja alikuwa amekufa njiani.

Saa mbili usiku

Video. Nyuma ya dada masanduku, shemeji amekalia moja ili lifunge. Sikumwamkia vizuri, niligeuza kamera tu ukutani.

Kimya.

“Hiyo ni saruji hapo chini?”

“Ni saruji. Nilikubali mimi.”

“Na pesa ya chokaa?”

Nikamwambia ilivyokwenda, pamoja na ile niliyoazima kununua patasi na sikuirudisha. Hakupiga kelele, na hilo nililiogopa zaidi. Aliuliza chumba cha juu kama ni kizima. Ni kizima. “Basi tutalala juu. Ukuta usiuguse mpaka nije niuone kwa macho yangu. Na pesa utanilipa.”

“Nitalipa, dada.”

“Najua utalipa.” Akakata.

Saa nne

Ujumbe wa sauti kutoka kwa binti, wa kunong’ona, nadhani simu kaiiba. Mama amemwambia birikani mna samaki. Wangapi, na wana majina?

Nimeshuka na tochi kuhesabu. Wanne. Nimemjibu kwamba majina hayajatolewa bado.