Hapa hatufungui faili ndani ya flashi

Kwenye ukuta wa steshenari yangu, huku Ngamiani mjini Tanga, kuna karatasi yenye herufi nzito: HAPA HATUFUNGUI FAILI NDANI YA FLASHI. Mteja mgeni akiisoma hudhani naogopa virusi. Virusi vipo, nitavifikia, lakini sivyo vilivyonifanya niibandike. Niliibandika kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo wanaokuja kumalizia ripoti zao. Mtindo wao ni mmoja. Flashi inachomekwa, faili linafunguliwa palepale kwenye flashi, mtu anataipu hadi jasho linamtoka, kisha anabonyeza kusevu huku mkono wa pili umeshaishika flashi kwa sababu bodaboda inamngoja nje. Kesho yake anarudi mnyonge: "Dada, faili limegoma kufunguka."

Limegoma kweli. Ukibonyeza kusevu, Word haifuti neno moja na kuandika jingine juu yake. Hutengeneza nakala mpya pembeni, folda ileile, kwa jina la muda, ikimaliza ndipo inapobadilishana majina na ile ya zamani. Kwenye diski ya kompyuta kazi hiyo hupita usiione. Kwenye flashi ya bei chee inachukua muda, na kama imejaa hadi pomoni haikamiliki kabisa. Ichomoe katikati, umebaki na kipande.

Kipande chenyewe hakisomeki, na sababu iko kwenye umbo la faili. Tangu Word ya 2007, faili la docx, yaani faili la kawaida la Word, ni zip iliyopewa jina jingine: kifurushi cha mafaili yaliyobanwa pamoja. Ndani yake kuna mafaili madogo madogo: maneno yako yamo kwenye document.xml, picha zimewekwa kwenye folda iitwayo media, mitindo ya herufi kwingine. Orodha inayosema kipi kiko wapi huandikwa mwishoni kabisa mwa faili. Kwa hiyo nakala iliyokatika njiani, hata ikiwa na kurasa zako karibu zote, imekosa kile cha kuzifikia. Ni mzigo ulioshuka bandarini bila hati zake: makasha yapo, ila hakuna wa kukwambia lipi lina nini.

Ndiyo maana mtu akiniletea faili lililokufa, kabla hajanieleza habari za mwalimu wake na tarehe ya mwisho, nalinakili kwanza kwenye diski, kisha naifungua nakala kwa Notepad, programu ndogo ya Windows ya maandishi matupu. Natazama herufi mbili za mwanzo tu. Zikiwa PK, basi zip ipo, na kuna la kufanya. (PK ni Phil Katz, Mmarekani aliyetengeneza mfumo huo wa zip mwaka 1989. Jina lake linalala ndani ya kila ripoti ya chuo inayopita mezani kwangu, na wenye ripoti hawana habari.) Nikikuta hakuna PK, ukurasa ni mweupe tu au nafasi tupu toka juu hadi chini, ingawa ukubwa wa faili unasoma vilevile, namwambia mwenyewe ukweli. Hiyo hutokea sana umeme ukikatika wakati wa kusevu. Kompyuta imeshaandika kwamba faili lina ukubwa fulani, lakini maneno yenyewe hayakuwahi kufika kwenye diski. Humo hamna cha kufufua, na fundi anayekudai pesa ya kulifufua faili la namna hiyo mkimbie.

Likiwa na PK, naanza na Word yenyewe: kwenye dirisha la kufungua faili, pembeni ya kitufe cha Open kuna kimshale, humo kuna Open and Repair. Ikishindikana, nabadilisha mkia wa jina kuwa .zip na kulifungua kwa 7-Zip, programu ya kufungulia vifurushi vya zip. Picha mara nyingi hutoka nzima kwenye ile folda ya media. Maneno hutoka yamechanganyika na alama za XML, zile Word inazoandikia mpangilio wa waraka, na kuyasafisha ni kazi ya mchana mzima. Kazi hiyo naitoza, na sioni haya.

Sasa virusi. Kile kinachoficha mafaili na kuacha njia za mkato kwenye flashi hakijaharibu faili lako, kimelificha tu. Amri ya attrib, inayoandikwa kwenye dirisha la amri la Windows, hulirudisha. Lakini ukishafichua vyote, vinajitokeza na visivyotakiwa: vifaili vinavyoanza na alama ~$ na kufuatiwa na jina la ripoti yako. Hivyo Word huvitengeneza faili likiwa wazi, kuandika nani kalifungua, na huvifuta ukifunga vizuri. Flashi ikichomolewa faili likiwa wazi, vinabaki. Kuna binti alimtumia msimamizi wake kimoja cha hivyo kwa barua pepe, baiti 162 tu, akakasirika alipoambiwa kazi yake haisomeki. Tulicheka, lakini baadaye.

Kuna wanaonibishia kwamba siku hizi hakuna haja ya kuiaga flashi, yaani kubonyeza Eject, kabla ya kuichomoa. Wana nusu ya ukweli. Windows 10 kuanzia toleo la 1809 imepangwa hivyo: haicheleweshi maandishi ya kwenda kwenye flashi. Hilo linakusaidia kama kazi imeshakwisha kuandikwa. Faili likiwa bado wazi, au bado linaandikwa, mpangilio huo hauna la kukufaa.

Si kila faili linakufa kwa kuchomolewa. Mwalimu mmoja mstaafu anaandika kitabu cha manamba wa mashamba ya mkonge, kazi ya miaka, na alikuja na muswada unaofunguka vizuri ila ukishuka kurasa kadhaa kompyuta inaganda. Alikuwa akiandika kidogo kwenye simu, kidogo kwenye laptopu ya mwanawe, anabandika picha nzito za kamera, jedwali ndani ya jedwali.

"Mwanangu, limekufa?"

"Halijafa, mwalimu. Linaumwa."

Word huhifadhi mambo mengi ya mpangilio kwenye alama ya aya ya mwisho, ile ¶ iliyo mwisho kabisa wa waraka, na ubovu hupenda kujificha hapo. Dawa ni kuyahamisha maneno na kuiacha alama hiyo nyuma. Unabonyeza Ctrl+End, halafu Ctrl+Shift+Home, unanakili, unabandika kwenye waraka mpya mtupu. Waraka ukigawanywa sehemu sehemu, unahamisha maneno ya kila sehemu bila vile vikato vyake (section break), maana navyo hubeba ugonjwa huohuo. Wa mwalimu ulikuwa na vikato vingi kuliko sura. Tulikwenda navyo polepole mpaka adhana ya alasiri, picha tukaziondoa zote, tukazipunguza uzito, ndipo tukazirudisha.

Umeme nitausema kwa kifupi kwa sababu kila mtu anaujua. UPS yangu, ile betri ya akiba ya kompyuta, hunipa muda wa kusevu na kuzima, basi. Kinachonitisha zaidi ni laptopu za mtumba ambazo betri yake haishiki kitu. Mwenyewe anajiona ana laptopu, kumbe waya ukiguswa na mguu tu, imezima. Na ile AutoRecover wanayoitegemea, nakala ya dharura ya Word, hujiandika kila baada ya dakika 10 usipoibadilisha. Mimi nimeishusha hadi 2. Hata hivyo ni ya ajali tu, siyo akiba: ukifunga faili vizuri, inafutwa. Akiba ya kweli imejificha kwenye Options za Word, upande wa Advanced, inaitwa Always create backup copy. Ukiiwasha, kila unaposevu Word inakuachia nakala ya toleo lililotangulia pembeni. Sijui kwa nini haiwashwi tangu kiwandani. Mashine zangu zote za hapa imewashwa, na wateja hunilalamikia kuwa nawajazia folda.

Mwalimu sasa anaandika kila sura kwenye faili lake. Zile Master Document za Word za kuunganisha sura nimemkataza, zina sifa mbaya na sina hamu ya kuijaribu bahati. Tutaziunganisha siku ya kupeleka kwa mchapaji. Anaandikia kwenye diski, akimaliza anafunga faili, anakopi kwenye flashi, na usiku anamtumia bintiye wa Muheza kwa WhatsApp kama dokumenti, kwa sababu dokumenti hufika kama ilivyo, haiminywi kama picha. Juzi alinieleza kwa masikitiko kwamba binti hajafungua hata sura moja. Nikamwambia amwache, asimsumbue. Nakala ambayo hakuna aliyeigusa ndiyo ninayoitaka.