Siku ya tatu ndiyo iliyokuwa ikinishinda

Mara mbili nilijaribu kuacha sigara kimyakimya, na mara zote siku ya tatu ilinirudisha dukani: kichwa kinagonga, usingizi hakuna, nawafokea watoto bila sababu. Safari hii nilimwambia dereva mwenzangu wa bodaboda pale kijiweni, aliyeacha tangu Ramadhani. Akanijibu, "Arosto ikikupanda nipigie, kaka, hata saa nane usiku." Siku ya pili pekee nilimpigia mara 11. Hakunihubiria. Tuliongea habari za mpira tu, maana ile hamu hudumu dakika chache kisha hupoa yenyewe. Kahawa ya jioni, iliyokuwa ikiniponza zaidi, tukaiacha, tukanywa chai ya tangawizi. Leo nina siku 19, na bado nampigia.