Nyumba Tuliyoipima Usiku

Mei 2016 kampuni niliyokuwa nafanyia kazi, ya kununua korosho, ilinitaka nihamie Kusini kabla msimu haujafunguliwa. Nilikuwa mkaguzi wa ubora. Naingia ghalani, natoa sampuli kwenye magunia, napima unyevu, kisha nazipasua korosho moja moja kwa kisu na kutazama kiini: hiki kizima, hiki kimesinyaa, hiki kimeliwa na wadudu. Nikimaliza ndipo bosi anajua mnadani aandike bei gani. Na kwa kuwa korosho zenyewe zinatoka Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea mpaka Liwale, kampuni haikujali mimi nalala wapi. Niliambiwa nichague Masasi, Lindi au Mtwara, na jibu nilitoe kabla mwezi haujaisha.

Tulikuwa tunaishi Morogoro. Mume wangu ni seremala, watoto wetu watatu. Wa katikati, binti, wakati huo alikuwa na miaka saba, na ana sikoseli. Mimi na baba yake sote tunabeba kinasaba cha ugonjwa huo bila kuumwa, na yeye akarithi kutoka pande zote mbili. Anayelea mtoto wa hivi anajua hesabu zake. Baridi ni adui. Kiu ni adui. Malaria ni adui mkubwa zaidi, maana inamaliza damu ambayo tayari ni haba. Kila siku kidonge cha foliki, kila usiku neti, kila saa chupa ya maji mkononi. Na hata ukifanya yote hayo, ipo siku mtoto ataamka saa nane usiku analia mifupa, na hapo hujiulizi kama uende hospitali. Unajiuliza unafikaje.

Ndugu walipojua tunahama, kila mmoja alikuja na mji wake. Shemeji yangu alisifia Masasi kwa sababu ndiko kwenye maghala, ningeokoa nauli na muda. Wengine walitaja Lindi kwa utulivu wake. Waliowahi kufika Mtwara walisema kwa sauti moja: Shangani, kuna upepo wa bahari na nyumba nzuri. Yote yalikuwa kweli. Nikamwambia baba watoto abaki na watoto, mimi nitangulie nikaone kwa macho.

Masasi niliiacha mapema. Mji una biashara, na hospitali ya misheni ya Ndanda ina jina kubwa, watu wanaifuata kutoka mbali. Lakini kutoka Masasi mjini hadi Ndanda ni kama kilomita 40, na mimi nilikuwa nazihesabu kilomita hizo usiku, mtoto akiwa mapajani.

Lindi iliniweka njia panda. Nilifikia kwa wifi yangu, mwalimu, na jioni tulikaa ufukweni tukitazama ng'ambo ya Kitunda na mitumbwi inarudi. Mji mdogo, watu wanajuana, hospitali ya mkoa ya Sokoine iko hapo hapo mjini. Nilikuwa karibu kumpigia baba watoto nimwambie tumepata. Lakini kesho yake asubuhi wifi alinipeleka kwa rafiki yake, muuguzi wa siku nyingi, nikamweleza habari za mwanangu. Akaniuliza ameongezewa damu mara ngapi. Nikamjibu. Akafikiri kidogo, akasema, "Mama, hapa atatibiwa vizuri tu. Ila kama uchaguzi ni wako, kituo cha damu salama cha kanda ya Kusini kiko Mtwara. Mimi ningekaa karibu na damu."

Mchana wa siku hiyo nilikuwa kwenye basi la Mtwara.

Dalali aliyenipokea alikuwa kijana mwepesi wa miguu na wa maneno. Aliniambia nimekuja wakati mzuri: bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilishakamilika mwaka uliopita, wageni waliokuwa wakilijenga wameondoka, na nyumba walizokuwa wamepanga zimebaki na wenyewe. "Wenye nyumba bado wanataja bei za wakati wa gesi, mama, lakini wewe kaa kimya, watashuka wenyewe." Tukazunguka kutwa. Shangani aliniingiza nyumba ya vyumba vitatu, bustani, mlinzi getini, bahari inasikika. Magomeni akanionyesha nyumba mpya yenye vigae na kodi ya kuvutia, lakini njia ya kufika mlangoni ilikuwa mchanga mtupu, na nilipouliza ikinyesha bajaji inafika wapi, akanionyesha kwa mkono mwembe uliokuwa mbali kule. Tukaitoa.

Kisha akanipeleka Mikindani. Nasema kwa moyo mweupe kwamba kama ningekuwa mwanamke asiye na mgonjwa, leo ningekuwa mtu wa Mikindani. Ni kama kilomita kumi kutoka Mtwara mjini, ghuba imetulia, mibuyu, nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, na juu ya kilima boma la Wajerumani la mwaka 1895. Hapo ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya kuingia bara, mwaka 1866, na kabla na baada yake wengi walipitishwa hapo wakiwa wamefungwa minyororo. Nyumba tuliyoonyeshwa ilikuwa na kuta nene kiasi kwamba jua la saa saba lilikuwa halijaingia ndani. Sakafu ya baridi, ua wenye mpapai, na bibi mwenye nyumba aliyenipokea kama nimetoka tumboni mwake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Una watoto?"

"Watatu."

"Alhamdulillahi. Nyumba hii ilisahau kelele za watoto."

Kodi yake ilikuwa nusu ya ile ya Shangani. Nilipiga picha nikamtumia baba watoto. Yeye alishapenda Shangani kwa sababu ya bustani, angepata pa kupangia mbao zake, na kwa sababu ya ule upepo. Mimi upepo ndio ulionitia shaka. Juni hadi Agosti kusi inavuma, na usiku huko mbele ya bahari inapiga madirishani bila kizuizi. Mwanangu hapigwi na upepo wa hivyo akabaki salama.

Jioni dalali akaniuliza nimeamua ipi. Nikamwambia bado, twende tukazitazame tena saa tano usiku.

"Mama, usiku nyumba haionekani."

"Sitaki kuiona, mdogo wangu. Nataka kutoka ndani yake mpaka hospitali ya Ligula."

Alinitazama. Nikamweleza habari za binti yangu, kwa kifupi. Akanyamaza, akavua kofia, akaivaa tena. Akasema ana mdogo wake wa mama mmoja aliyefariki akiwa darasa la tatu, na kwao walikuwa wanasema ni baridi yabisi. Kutoka hapo hakunisifia nyumba tena. Alikuwa akinitafutia kama anamtafutia mtu wa kwao.

Korosho hainunuliwi kwa ganda. Ganda linaweza kung'aa na kiini kikawa kimekwisha, na nyumba zile mchana zote zilikuwa ganda zuri. Usiku ndio tulizipasua.

Tulianza Mikindani. Bibi alitoka na kanga mabegani, akatukuta tumesimama barabarani tunangoja usafiri wowote wa kwenda mjini. Daladala zilishalala. Lilipita lori, likapita lori jingine. Bodaboda moja ilisimama, lakini mtoto aliyekakamaa kwa maumivu hapandi pikipiki, kila shimo anapiga yowe, anahitaji kulazwa mapajani mwa mtu. Tulingoja sana. Bibi akawa ameelewa tunachofanya bila kuambiwa.

"Mwanangu, kuna nani mgonjwa?"

Nikamwambia.

"Sisi hapa tukiuguliwa usiku tunamwamsha jirani mwenye gari. Akiwa amesafiri, tunangoja adhana ya alfajiri." Akanishika mkono. "Nyumba nilitaka iwe yako. Lakini wewe nenda kakae mjini."

Sijasahau jinsi alivyolisema hilo. Mwanamke ambaye kodi ile ilikuwa riziki yake, mlango umeshapata mpangaji, akaufunga mwenyewe kwa ajili ya mtoto asiyemjua.

Shangani ilikuwa jambo la aina nyingine. Kwa ramani, hospitali ya Ligula haiko mbali na pale, na barabara ni ya lami. Lakini saa tano na nusu mtaa ulikuwa mtupu, mageti yamefungwa, hakuna bajaji inayopita kwa sababu wenye nyumba wana magari yao. Sisi hatukuwa na gari. Mlinzi alikuwa na namba ya dereva mmoja, akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena. Nikiwa nimesimama pale na upepo unanivuta kanga, nikajua hata ikipokelewa, nitakuwa nangoja mtu atoke kitandani upande mwingine wa mji.

Nyumba ya nne sikuwa nimeiona mchana. Dalali aliikumbuka tukiwa njiani tunarudi, upande wa Ligula, nyuma kidogo ya barabara ya lami. Alikuwa hajanionyesha kwa sababu aliona hainifai: upande mmoja wa nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule, ua wa pamoja na wapangaji wengine, choo cha nje. Tulipoingia uani watu walikuwa bado macho. Dada mmoja anakaanga pweza wa kuuza kesho yake, redio inasoma taarifa, mtoto mchanga analia. Pembeni tangi kubwa la maji, kwa sababu maji ya bomba hayatoki kila siku, na kisima chenye maji ya chumvichumvi ya kufulia. Na mbele ya dirisha la chumba ambacho kingekuwa changu, imeegeshwa bajaji.

Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda anakula.

"Karibu dada."

"Ahsante kaka. Hii bajaji inalala hapa kila siku?"

"Hapa hapa. Na mimi nalala hapa."

"Nikikugongea saa nane usiku?"

"Gonga dirisha tu. Na huyu mdogo alivyo, hata hatujui usingizi." Mkewe akacheka, akamhamishia mtoto bega la pili.

Nikamwomba anipeleke Ligula wakati ule ule, nitalipa. Akanawa mikono, akawasha. Nilikaa nyuma nimekunja mikono mapajani kana kwamba nimembeba mtu, nikisikiliza matairi. Mashimo mawili matatu ya kutoka mtaani, kisha lami mpaka mwisho. Nilikuwa bado naandaa maneno ya kumwambia dereva, tukawa tumefika.

Mlinzi wa getini akamulika ndani ya bajaji kwa tochi.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Bado hajafika," nikamwambia. "Anakuja Juni."

Nilidhani atanifukuza. Akaniuliza mgonjwa ni nani, anaumwa nini. Kisha akanielekeza kwa ule mwanga wa tochi mlango wanaopokelewa wagonjwa wa usiku, akasema siku hiyo ikifika nisishuke getini, niingie na bajaji mpaka pale.

Nilimpigia baba watoto usiku ule ule. Aliposikia choo cha nje alikaa kimya. Akauliza mbao zake atazipanga wapi. Nikamwambia kuna mabanda ya kukodi upande wa sokoni, karakana itakuwa huko. Akasema, na haki yake, kwamba kwa mshahara ninaokwenda kupata tungeweza kukaa mahali pa heshima. Nikamsimulia Mikindani, nikamsimulia simu ya Shangani iliyoita bila kupokelewa. Akakaa kimya tena.

"Bajaji inalala hapo hapo uani?"

"Mbele ya dirisha."

"Lipa."

Asubuhi nikalipa kodi ya miezi sita na haki ya dalali. Kutoka pale nikaenda na barua ya kliniki ya Morogoro kuuliza utaratibu wa kumhamishia binti yangu, kisha shule ya msingi iliyokuwa karibu, kuomba nafasi na kuomba, zaidi ya nafasi, ruhusa ya mtoto mmoja kukaa na chupa ya maji darasani na kutoka kwenda haja bila kunyoosha kidole. Mwalimu mkuu aliandika kwenye daftari lake na kupiga mstari chini yake.

Walifika Juni na lori la vitu. Julai kusi ikaja, hata huku nyuma ya nyumba za watu, na usiku mmoja binti yangu akaamka analia miguu. Nilipogonga dirisha, bajaji iliwashwa kabla sijamaliza kumfunga blanketi. Tuliingia nayo mpaka mlangoni. Aliwekewa maji, akapewa dawa za maumivu, asubuhi akaongezewa damu. Baba yake alikuja na uji kwenye chupa, ameazimwa baiskeli na jirani wa pweza, na wiki iliyofuata mtoto akarudi shule.