Baridi ya Julai na pikipiki

Nairobi barafu hatuna, lakini anayepanda Limuru saa kumi na moja asubuhi anajua vidole vinavyokufa ganzi hadi breki huisikii. Glavu za sufu peke yake ni kazi bure, upepo unapita. Vaa za mpira juu yake. Kifuani, gazeti chini ya koti linazuia upepo kuliko sweta mbili (wazee wa steji hawakukosea).

Injini ya kabureta ikigoma, vuta choki (kile kiwiko cha kupunguza hewa injini ikiwa baridi), piga kiki bila kuzungusha mkono wa mafuta, iache ingurume kama dakika moja, kisha rudisha choki. Ukiisahau, plagi inajaa masizi meusi na mafuta yanaisha ukishangaa.

Presha ipimwe tairi likiwa baridi, kabla hujaondoka. Ukipima ukishafika, tairi limepata joto na geji inakudanganya. Na usipunguze upepo eti tairi lishike lami.

Hatari kubwa ni manyunyu, zile dakika kumi za kwanza. Mvua kubwa huosha oili barabarani. Manyunyu huichanganya na vumbi tu, lami inakuwa kama sabuni, hasa kwenye mzunguko, karibu na steji za matatu na juu ya rangi nyeupe ya kivuko. Hapo usilalie kona, usikanyage breki ya nyuma ghafla. Punguza mwendo kabla ya kona, breki zote mbili polepole.

Kioo cha helmeti kikishika ukungu: tone moja la sabuni ya vyombo ndani, futa kwa kitambaa kikavu hadi sabuni isionekane.