Adabu ya Kwenye Sinia

Juzi mwanangu alisoma gazetini kwamba timu fulani "imetiwa adabu" kwa mabao 4, akaniuliza wachezaji wale walikuwa wamemtukana nani. Nilicheka, lakini swali hilo lilinirudisha Ngamiani, Tanga, siku walipokuja wageni wa posa ya shangazi.

Mimi ndiye niliyewanawisha, birika mkono wa kulia na bakuli mkono wa kushoto, nikianzia kwa wazee. Kisha masinia ya wali wa nazi na samaki wa kupaka yakatandazwa jamvini, nasi watoto tukabanwa kwenye sinia la ami na mshenga. Kila mtu hula kilicho mbele yake. Hilo tulifundishwa kabla hatujajua kuhesabu. Binamu yangu, ambaye muda wote alikuwa amekikodolea macho kipande cha nguru kilichokuwa upande wa mshenga, akanyoosha mkono na kuuvusha sinia zima. Kofi la ami likamkuta njiani. Kipande kikamponyoka, kikaangukia kanzu ya mshenga, na tui la manjano likaanza kutambaa polepole kwenye kitambaa cheupe huku hakuna aliyethubutu kutafuna.

"Namtia adabu," ami akasema, kama anayeomba radhi.

Nyuma ya pazia, walikokaa wanawake, bibi akajibu bila kupaza sauti: "Kumpiga mtoto mbele ya wageni, mwanangu, ndiyo adabu ya wapi?"

Mshenga akakiokota kipande kile, akakichambua miiba, akakiweka mbele ya binamu yangu. Posa ikakubaliwa.

Kuna wanaodhani tunachanganya adabu na adhabu kwa kuwa zinakaribiana masikioni, ingawa katika Kiarabu, zilikotoka, mizizi yake ni tofauti, na adabu huko hubeba hata maana ya fasihi. Dhana hiyo hainitoshi, kwani ami na bibi hawakuchanganya lolote: kwa ami, adabu hutiwa mtu na mkubwa wake, kwa bibi, mwenye kuitia naye hudaiwa awe nayo. Kiswahili kimewaruhusu wote wawili.

Binamu yangu sasa ndiye ukoo mzima unayemtolea mfano wa adabu. Ami, mpaka anafariki, alisema ni kazi ya lile kofi. Bibi alishikilia kwamba ni kile kipande cha nguru. Mwenyewe ukimuuliza, hukujibu kwamba anachokumbuka ni njaa tu.